Masharti, Mapengo na Mashine Iandikayo Programu: Historia ya Dhana na Tatizo la Istilahi

Miongoni mwa dhana za sayansi ya kompyuta ambazo bado hazijapata istilahi iliyotulia katika Kiswahili, ipo moja ambayo kwa maoni yetu yafaa ishughulikiwe mapema, kabla matumizi ya kubahatisha hayajazoeleka. Dhana hiyo ni ile ya kuifanya mashine iandike programu yenyewe. Mtu huieleza mashine masharti ambayo programu lazima iyatimize, kisha huiachia itafute mpaka ipate maandishi yanayoyatosheleza yote. Jambo hili si ngano. Limefanyiwa utafiti kwa zaidi ya nusu karne, na baadhi ya matunda yake yamo katika programu zinazotumiwa maofisini kila siku. Hata hivyo mwalimu anayetaka kulieleza kwa Kiswahili mbele ya wanafunzi wake hukwama katika sentensi ya kwanza. Aseme mashine inatunga programu, au inazalisha, au inaunda? Na yale masharti ayaite masharti, au vizuizi, au vikwazo, au mipaka?

Wapo watakaosema kwamba huo ni ubishi wa maneno matupu, na kwamba neno lolote litafaa maadamu wote wakubaliane nalo. Sisi hatuafikiani na rai hiyo. Kila moja kati ya maneno hayo limebeba dai fulani kuhusu nani ndiye mwandishi wa programu na nani wa kuulizwa programu inapokosea. Aidha, historia ya dhana yenyewe inaonyesha kwamba hata wenye lugha ambamo dhana hii ilizaliwa walitumia jina moja kwa mambo mawili matatu yaliyo mbalimbali kabisa, na kutoelewana kulikotokea kumechukua miaka mingi kusafishika. Kwa hiyo tumeona tuifuate kwanza historia, ndipo tuingie katika uteuzi wa maneno.

Jina lililotangulia kitu

Katika miaka ya mwanzo ya 1950 kompyuta zilikuwa chache duniani, na kila moja iliagizwa kazi kwa lugha yake ya tarakimu. Mtu aliyetaka mashine ijumlishe namba mbili alilazimika kutaja mahali ilipohifadhiwa namba ya kwanza, mahali ilipohifadhiwa ya pili, na mahali pa kuiweka jumla, yote kwa mafungu ya tarakimu ambayo mwenyewe aliweza kuyasoma kwa taabu. Kosa la tarakimu moja lilitosha kuiharibu kazi ya wiki nzima. Mwaka 1952 Grace Hopper, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya Remington Rand nchini Marekani, alikuwa amekwisha tengeneza mfumo ulioitwa A-0, ambao uliweza kuchukua vipande vya programu vilivyokwisha kuandikwa na kuviunga pamoja kwa kufuata orodha iliyotolewa na mtumiaji. Mwezi Mei 1954 wataalamu walikutana mjini Washington, chini ya uangalizi wa Jeshi la Wanamaji la Marekani, kuzungumzia kazi za namna hiyo. Mada ya mkutano ilitajwa kuwa ni uandishi wa programu unaojiendesha.

Miaka mitatu baadaye, yaani 1957, kundi la watu lililoongozwa na John Backus katika kampuni ya IBM lilitoa lugha ya FORTRAN kwa ajili ya kompyuta ya IBM 704. Kwa lugha hiyo mtu aliweza kuandika mlinganyo karibu kama auandikavyo daftarini, na mashine ikaugeuza kuwa maelekezo ya tarakimu. Mfumo huo nao uliitwa wa kujiendesha. Leo hakuna ambaye angeuita hivyo. Mashine haikuandika programu; aliyeandika ni mtu, nayo mashine ilifanya kazi ya mkalimani. Kilichobadilika ni lugha ambayo mtu alizungumza na mashine yake.

Jambo hili lilikuja kusemwa waziwazi mwaka 1985 na David Parnas, mtaalamu wa programu aliyejiuzulu katika jopo la washauri wa mpango wa Marekani wa kujikinga na makombora. Katika maandishi aliyotoa kueleza sababu zake, Parnas aliandika kwamba maneno yale ya uandishi unaojiendesha siku zote yalikuwa ni jina la heshima tu la kuandika programu katika lugha iliyo ya juu kuliko zile zilizopatikana wakati huo. Hukumu hiyo ni kali, na haimtendei haki kila mtafiti, lakini kwa watu wa istilahi ni onyo la kuzingatiwa. Jina ambalo linataja tu kwamba kitu kinajiendesha halielezi kitu; linaeleza mshangao wa watu wa kizazi kimoja, na kizazi kinachofuata kikizoea, jina hubaki tupu. Kwa sababu hiyo hatupendekezi kamwe istilahi yenye kiambishi cha kujirejea, mfano wa programu zinazojiandika au zinazojitunga. Hakuna programu iliyowahi kujitunga.

Kutoka ithibati hadi programu

Swali lenye uzito zaidi liliulizwa na mwanamantiki, si na mtengenezaji wa mashine. Katika majira ya joto ya mwaka 1957 wanamantiki walikutana katika Chuo Kikuu cha Cornell, na Alonzo Church wa Princeton akatoa tatizo ambalo hadi leo linaitwa kwa jina lake. Tuseme tumepewa, kwa lugha ya mantiki, uhusiano unaotakiwa kuwapo kati ya yale yanayoingia katika saketi na yale yanayotoka. Je, upo utaratibu wa uhakika wa kuipata saketi inayoutimiza uhusiano huo, au wa kutujulisha kwamba saketi ya namna hiyo haiwezekani? Tatizo hilo lilipata jibu la kukubali mwaka 1969, kutoka kwa Richard Büchi na Lawrence Landweber, ingawa utaratibu wao ulikuwa mzito mno kwa matumizi ya kila siku.

Mwaka huohuo wa 1969, katika mkutano wa kwanza wa kimataifa wa akili za kubuni uliofanyika Washington, Cordell Green alionyesha njia nyingine, na Richard Waldinger pamoja na Richard Lee wakaonyesha iliyo jirani nayo. Miaka minne kabla, John Alan Robinson alikuwa ametoa kanuni moja ya mantiki ambayo mashine iliweza kuitumia kuthibitisha mambo bila msaada wa mtu. Green aliitumia kanuni hiyo kwa namna ya werevu. Mashine ikitakiwa ithibitishe kwamba kwa kila kinachoingia kuna jibu lenye sifa fulani, na ikithibitisha kwa kulijenga jibu lenyewe, basi ndani ya ithibati yake mna programu. Ni sawa na mtu anayethibitisha kwamba njia ya kufika ng'ambo ya kinamasi ipo kwa kuipita: nyayo zake ndizo ramani. Zohar Manna na Waldinger waliendeleza fikra hii kwa uangalifu mkubwa katika makala yao ya mwaka 1980.

Njia ya ithibati ni nzuri kuitazama, lakini ilikwamishwa na mambo mawili. La kwanza, idadi ya hatua ambazo mashine ingeweza kuzijaribu iliongezeka kupita kiasi, na programu zilizopatikana zikabaki fupi. La pili, na hili kwa maoni yetu ndilo kubwa, lilikuwa kwamba mtu alitakiwa kwanza aeleze kwa mantiki kamili yote anayoyataka. Mara nyingi kazi hiyo ilikuwa ngumu sawasawa na kuiandika programu yenyewe, na yenye nafasi ileile ya kukosea.

Sharti si kikwazo

Wakati wanamantiki wakiendelea na ithibati zao, dhana ya pili ilikuwa ikikua mahali pengine. Mwaka 1963 Ivan Sutherland, mwanafunzi wa shahada ya udaktari katika chuo cha MIT, alionyesha mfumo wa kuchora kwa kalamu ya mwanga juu ya kioo cha kompyuta iitwayo TX-2. Mfumo huo aliuita Sketchpad. Mchoraji alichora mistari kwa mkono, ikiwa imepinda na haikulingana, kisha akatamka masharti: mistari hii miwili iende sambamba, hii ilingane urefu, pembe hii iwe mraba. Mashine ikausogeza mchoro mpaka masharti yote yakatimia. Tuangalie vizuri mgawanyo wa kazi hapa. Mchoraji hakusema mstari usogezwe vipi. Alisema tu uwe katika hali gani ukishasogezwa. Namna ya kufika huko iliachiwa mashine.

Wasomi wengine, hasa Ugo Montanari wa Italia mwaka 1974 na Alan Mackworth mwaka 1977, waliijengea fikra hiyo nadharia ya jumla. Hatutaifuata hapa, kwa kuwa inatosha kujua umbo lake: viko vitu visivyojulikana thamani yake, iko orodha ya thamani zinazoruhusiwa kwa kila kimoja, na yako masharti yanayovihusisha.

Msomaji wa Kiswahili hana haja ya kwenda mbali kutafuta mfano wa jambo hili, kwani analo katika ushairi. Mtunzi wa tarbia ambaye amekwisha pata mishororo mitatu ya ubeti anatafuta kipande cha kufunga mshororo wa nne. Kipande hicho lazima kiwe na mizani minane, kiishie kwa kina kinachotakiwa, kisirudie neno lililokwisha tumika, na kisemekane kwa maana. Kila sharti linapunguza maneno yanayoweza kuingia, na wakati mwingine masharti yakishakaa pamoja hubaki neno moja tu, au hapabaki hata moja, ikambidi mtunzi arudi nyuma abadili mshororo wa pili. Huko kurudi nyuma, kama tutakavyoona, mashine nazo hukufanya. Lakini hakuna mtunzi aliye hodari anayeviita vina na mizani vikwazo. Wanaoviita hivyo ni wale walioshindwa navyo.

Hapo ndipo ulipo ubaya wa maneno kikwazo na kizuizi kwa dhana hii. Kikwazo ni kitu cha kumkwaa mtu njiani, na kizuizi ni cha kumzuia asipite. Yote mawili yanadokeza kwamba bila hicho kitu tungefika upesi zaidi. Katika kazi tunayoieleza hali ni kinyume. Bila masharti hakuna pa kwenda, maana kila programu ingefaa. Sharti ndilo linalobeba matakwa ya mtu. Neno mipaka lina unafuu, lakini linaleta picha ya eneo na kusahau kwamba masharti huhusisha kitu kimoja na kingine. Neno sharti lina nguvu moja zaidi. Limekwisha zoeleka katika mikataba na sheria, na kila mtu anajua kwamba aliyeweka sharti ni mtu, na kwamba sharti ama limetimizwa ama halikutimizwa. Kwa hiyo kutimiza masharti, au kuyatosheleza, ni maneno yanayoweza kusimama katika kitabu cha hisabati bila kuyapinda.

Mashine za kutatua

Baina ya wazo la Sutherland na uandishi wa programu palikuwa na pengo ambalo lilizibwa na kazi isiyokuwa na mvuto kwa watu wa nje. Mwaka 1960 Martin Davis na Hilary Putnam, na tena mwaka 1962 Davis pamoja na George Logemann na Donald Loveland, walitoa utaratibu wa kujua kama fungu la sentensi za mantiki, zinazoundwa na vitu ambavyo ama ni kweli ama si kweli, linaweza kuwa kweli lote kwa pamoja. Utaratibu huo hukisia, hufuata matokeo ya kisio, na ukigonga ukuta hurudi nyuma na kukisia tena. Mwaka 1971 Stephen Cook wa Toronto alionyesha kwamba tatizo hili linayabeba mgongoni matatizo mengine mengi magumu: atakayepata njia ya haraka na ya uhakika kwa hili atakuwa ameyapata yote. Leonid Levin alifikia jambo kama hilo upande wa Urusi, bila kutegemea kazi ya Cook.

Ugumu wenyewe si wa kuficha. Vitu 20 vya kweli au si kweli hupangika kwa namna 1,048,576. Vitu 300 hupangika kwa namna nyingi kuliko idadi ya atomu inayokadiriwa kuwamo katika ulimwengu wote unaoonekana. Kwa miaka mingi wengi waliamini kwamba mlango huo umefungwa. Lakini mwaka 1996 João Marques-Silva na Karem Sakallah walitoa mfumo wa GRASP, na mwaka 2001 watafiti wa Princeton wakatoa mwingine ulioitwa Chaff, na yote miwili ilikuwa na tabia moja yenye manufaa makubwa. Ilipogonga ukuta haikurudi nyuma mikono mitupu. Ilichunguza sababu ya kugonga, ikaiandika sababu hiyo kuwa sharti jipya, na haikuirudia tena njia yoyote yenye kosa lilelile. Matatizo yenye vitu maelfu kwa maelfu, yanayotoka katika kazi halisi za viwandani, yakaanza kutatulika kwa dakika chache. Mwaka 2008 Leonardo de Moura na Nikolaj Bjørner wa Microsoft walieleza mfumo wa Z3, ambao uliongeza juu ya mantiki hiyo elimu ya namba, safu na mambo mengine ambayo programu huyashughulikia.

Tunalazimika kuzipa jina mashine hizi, au kwa usahihi zaidi programu hizi za kutatua. Baadhi ya wenzetu wangependa mtatuzi. Sisi tunashika kitatuzi, kwa sababu lugha yetu imekwisha toa nafasi ya zana katika ngeli ya ki- na vi-: kikokotoo, kidhibiti, kipimajoto. Kiambishi cha m- kingeifanya zana iwe mtu, na mtu ndiye anayeweza kushukuriwa na kushtakiwa. Herufi moja hapa ina kazi kuliko inavyodhaniwa.

Programu yenye mapengo

Mwaka 1987 Massalin wa Chuo Kikuu cha Columbia alionyesha kwa njia ya nguvu tupu kwamba mashine inaweza kumshinda mtu katika programu fupi. Mfumo wake ulijaribu mfuatano mmoja baada ya mwingine wa maelekezo ya mashine, kuanzia mifupi kabisa, mpaka ukapata unaofanya kazi iliyotakiwa. Kazi ya kutambua kama namba ni hasi, ni sifuri au ni chanya ilipatikana kwa maelekezo manne tu, bila hata moja la kuruka kwenda mahali pengine, na kwa mpangilio ambao mwandishi wa kawaida asingeuwazia. Lakini njia hiyo haikuweza kufika mbali, maana kila elekezo lililoongezwa lilizidisha kazi mara nyingi.

Hatua iliyobadili mambo ilitoka katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, ambako Armando Solar-Lezama, akifanya kazi na Rastislav Bodík na wenzao, alitengeneza mfumo wa Sketch. Makala yao kuu ilitoka mwaka 2006. Wazo lao lilikuwa la unyenyekevu. Mtu asiitwike mashine kazi yote. Aandike kiunzi cha programu kwa kadiri anavyokijua, na pale ambapo hana hakika aache pengo. Halafu aeleze sharti, kwa mfano kwamba programu mpya itoe majibu yaleyale yanayotolewa na programu ya zamani iliyo sahihi ila ni ya polepole. Kazi ya mashine ni kujaza mapengo.

Tuchukue mfano mdogo ambao mwanafunzi wa sekondari anaweza kuukagua kwa kalamu. Tunataka jumla ya namba zote kuanzia 1 mpaka n. Programu ya polepole ipo: jumlisha moja moja. Tunahisi kwamba ipo njia ya mkato yenye umbo hili: n mara (n kujumlisha p), kisha gawa kwa q. Hatujui p wala q. Hayo ndiyo mapengo. Kitatuzi kinapewa kwanza mfano mmoja tu, n ikiwa 1, ambapo jumla ni 1. Sharti linakuwa kwamba 1 kujumlisha p iwe sawa na q. Majibu ni mengi, nacho kinachagua p iwe 0 na q iwe 1. Sasa inaingia sehemu ya pili ya mfumo, ambayo tutaiita kikaguzi. Kikaguzi nacho ni kitatuzi, ila kinaulizwa swali lililogeuzwa: je, ipo n ambayo programu hizi mbili zinatofautiana? Kinajibu kwamba ipo, n ikiwa 2, kwa kuwa njia ya mkato inatoa 4 ilhali jumla ya kweli ni 3. Mfano huo unaongezwa katika masharti. Sasa q lazima iwe sawa na 1 kujumlisha p, na tena 3 mara q iwe sawa na 2 mara (2 kujumlisha p). Thamani zinazotimiza yote mawili ni p kuwa 1 na q kuwa 2, basi. Kikaguzi kinatafuta tena tofauti, hakiipati, na programu inatolewa.

Uzuri wa utaratibu huu ni kwamba mifano miwili ilitosha, na wa pili haukuchaguliwa na mtu bali ulitokana na kosa la mashine yenyewe. Mfano wa namna hiyo, unaoletwa kulikanusha pendekezo, tunaona uitwe mfano pinzani. Istilahi hiyo itawafaa pia walimu wa hisabati.

Haifai kunyamazia upungufu wake. Mfumo wa Sketch ulikagua mpaka kikomo fulani cha ukubwa wa namba na cha idadi ya marudio, wala haukudai zaidi ya hapo. Tena kitatuzi hujaza mapengo yaliyoachwa tu: kiunzi kikiwa kibaya, jibu litakuwa kwamba hakuna namna ya kukijaza, na mtu atarudi kukiandika upya. Na sharti likiandikwa vibaya, programu itatimiza sharti hilo bovu kwa ukamilifu wa kutisha.

Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio. Mwaka 2011 Sumit Gulwani na wenzake walionyesha jinsi kitatuzi kinavyoweza kupata programu fupi za hila za biti ambazo wataalamu walizikusanya vitabuni kwa miaka mingi. Mwaka huohuo Gulwani alieleza njia ya kupata programu kutokana na mifano iliyoandikwa katika jedwali, nayo ikaingia katika Excel ya mwaka 2013: mtu akiandika majina mawili matatu kwa mpangilio autakao, safu nzima hujazwa. Njia hiyo ya pili, tukiweka mambo sawa, haitumii kitatuzi cha aina tuliyoieleza, bali hutunza kwa pamoja programu zote zinazolingana na mifano na kuzichuja, lakini ni ndugu wa tumbo moja. Mwaka 2013 Rajeev Alur na watafiti wengine waliliweka tatizo hili katika umbo moja la pamoja, ambamo mtu hutoa masharti na pia sarufi ya programu zinazoruhusiwa, na tangu 2014 mifumo ikaanza kushindanishwa kwa umbo hilo. Kwamba wamechagua neno sarufi inatupa faraja sisi watu wa lugha.

Kusanisi, kuzalisha na kutunga

Jina la jumla la kazi hii katika lugha za Ulaya limetokana na neno la Kiyunani lenye maana ya kuweka pamoja. Kiswahili kina usanisi, ambalo wanafunzi wa biolojia wanalikuta katika usanisinuru, ambapo jani hutengeneza chakula kutokana na maji, hewa na mwanga. Tunapendekeza usanisi wa programu, na kitenzi kusanisi. Neno hili linaeleza kwamba kitu kizima kimepatikana kutokana na sehemu zilizokuwapo kwa kufuata kanuni. Halidai ubunifu wala uhai. Kutunga tungependa libaki kwa washairi na kwa waandishi wa programu walio watu, kwa kuwa anayetunga ana lake la kusema.

Lipo neno la tatu, kuzalisha, na hili ndilo lenye hatari katika siku hizi. Kuanzia 2021, mfumo wa Codex wa kampuni ya OpenAI ulipotolewa, na 2022, kampuni ya DeepMind ilipotangaza AlphaCode, dunia imezoea mashine za aina nyingine. Mashine hizi zimesoma maandishi mengi sana ya programu, na zikipewa maelezo kwa lugha ya kawaida huandika maandishi yanayoelekea kufanana na yale ambayo mtu angeandika. Manufaa yake hatuyakatai, na lugha nyingi za binadamu zimefunguliwa mlango ambao kitatuzi hakikuwahi kuzifungulia. Ila katika kuandika huko hakuna sharti lililotimizwa. Kuna uwezekano tu wa kufaa.

Tumfikirie mhasibu wa chama cha ushirika anayekabidhiwa programu ya kugawa malipo ya pamba kwa wakulima, na kuambiwa kwamba imeandikwa na mashine. Anayo haki ya kuuliza: imeandikwa kwa njia ipi? Kama imesanisiwa, yapo maandishi ya masharti ambayo anaweza kuyadai na kuyasoma, kwamba jumla ya malipo isizidi fedha zilizopo, kwamba mkulima asilipwe chini ya kilo alizoleta, na kipo kikaguzi kilichotafuta mfano pinzani kikaukosa. Kama imezalishwa, maandishi hayo huenda hayapo kabisa, na ukaguzi wote unamngoja yeye. Tukitumia neno moja kwa yote mawili tutakuwa tumemnyang'anya mhasibu huyo swali lake kabla hajaliuliza. Kwa hiyo tunapendekeza kuzalisha litumike kwa mashine za aina hii ya pili peke yake, na kusanisi litumike pale tu ambapo masharti yametajwa na kutimizwa.

Tunajua kwamba mstari huo hauko wazi kila mahali. Tayari watafiti wanaoanisha njia hizi mbili, mashine moja ikizalisha mapendekezo na kitatuzi kikiyapima, na pendekezo linalokataliwa hurudishwa pamoja na mfano wake pinzani ili lizalishwe jingine. Katika hali hiyo tunaona jina lifuate hatua ya mwisho: kama hakuna programu inayotoka bila kupita kwa kikaguzi, uitwe usanisi, kama kikaguzi kinashauri tu na mtu anaweza kukipuuza, uitwe uzalishaji. Wenzetu wa Kenya, ambao katika vitabu vyao vya shule wameendelea na tarakilishi pale ambapo Tanzania imekaa na kompyuta, huenda wakawa na maoni tofauti juu ya kitatuzi na kikaguzi, na yafaa waulizwe kabla orodha haijapigwa chapa.